Kila Mwamba Ngoma: Tathmini ya Vipindi vya Maoni ya Siasa vya Televisheni za Marekani

Kila siku ya kazi, inapotimu saa mbili usiku kwa saa za New York, vituo vikuu vya habari vya kebo nchini Marekani hubadili bidhaa bila kubadili nembo. Habari za siku hukoma, na badala yake huketi mtu mmoja mbele ya kamera, akamtazama mtazamaji machoni, na kwa saa nzima akamweleza jinsi habari hizo zinavyopaswa kueleweka, nani wa kulaumiwa na nani wa kuchekwa. Hiyo ndiyo huduma ninayoitathmini hapa: kipindi cha maoni ya siasa, kinachouzwa na pande zote mbili za siasa za Marekani, na ambacho kwa watu wengi, ndani na nje ya nchi hiyo, ndicho dirisha wanalolitumia kuitazama Washington.

Nilivitazama vipindi hivi kwa muda wote ambao serikali ya Marekani ilikuwa imefunga shughuli zake, yaani tangu tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 12 Novemba 2025, siku 43 ambazo ni ndefu kuliko kufungwa kokote kulikotangulia. Usiku mmoja nilikitazama kituo kinachoegemea chama cha Republican, usiku wa pili nikakitazama kile kinachoegemea chama cha Democratic. Sivitaji kwa majina, kwani niliyoyaona ni ya jioni za wiki sita tu, na si haki kukihukumu kituo kizima kwa jioni hizo. Vitakavyotajwa kwa jina humu ni vile ambavyo mambo yake yamo katika kumbukumbu za mahakama na za umma.

Wengi wanaovikosoa vipindi hivi huanza na swali la upendeleo, na swali hilo halinisumbui sana. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mtu anayefungua kituo kinachojulikana kuegemea upande fulani hana sababu ya kushangaa akiisikia ngozi ikivutwa. Kigezo changu kilikuwa kingine: je, mtazamaji anayezima televisheni saa tano usiku anaweza kumweleza jirani yake wa chama cha pili ni jambo gani hasa linalogombaniwa, kwa namna ambayo jirani huyo atakubali kwamba naam, ndilo? Akiweza, huduma imefanya kazi hata kama imeegemea. Asipoweza, basi amelipia saa tatu za kitu kingine, na kitu hicho ndicho tunachopaswa kukipa jina.

Nianze na sifa, kwa sababu zipo na ni za kweli. Ufundi wa vipindi hivi ni wa hali ya juu. Hotuba ya ufunguzi, ambayo mara nyingi huchukua robo saa, huandikwa kwa uangalifu ambao waandishi wengi wa magazeti wangeuonea wivu: huanza na jambo dogo lililo wazi, hupanda kidogo kidogo, hurudi kwenye neno lile lile kila baada ya dakika mbili, na hufika kilele pale pale ambapo tangazo la biashara linasubiri. Waongozaji wa vipindi wana kumbukumbu ndefu, na ni hodari wa kuchimbua vipande vya video vya mwanasiasa akisema mwaka 2018 kinyume cha anachokisema leo. Pale kunapokuwa na kesi mahakamani, kituo kimoja kati ya viwili nilivyovitazama kilikuwa na wanasheria waliofafanua hati za kesi kwa lugha nyepesi kuliko ninavyozoea kuipata kwenye magazeti. Anayependa kumsikiliza mtu mwenye kipaji cha kusema hatajuta.

Kasoro inaanza pale unapokishika kigezo changu na kukipima na habari moja halisi. Kufungwa kwa serikali kulinifaa kwa kazi hiyo kwa sababu mgogoro wenyewe, ukiondoa kelele, unaelezeka katika dakika tano. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huisha tarehe 30 Septemba. Baraza la Wawakilishi, chini ya Spika Mike Johnson, lilikuwa limepitisha mswada wa kuendeleza matumizi hadi tarehe 21 Novemba. Katika Seneti, chama cha Republican kilikuwa na viti 53, na mswada wa namna hiyo unahitaji kura 60 ili mjadala ufungwe na kura ya mwisho ipigwe. Chama cha Democratic kilikataa kutoa kura zilizopungua, kikitaka kwanza kuongezewa muda kwa ruzuku za bima ya afya ambazo zilikuwa zinakwisha mwishoni mwa mwaka 2025, na ambazo zaidi ya watu milioni 20 walikuwa wakizitegemea kupunguza malipo yao ya kila mwezi. Seneti ilirudia kura hiyo mara 14 bila kufikisha 60. Hayo ndiyo mafupa ya jambo lenyewe, na mtu wa chama chochote angeweza kuyakubali bila kuona ameshindwa.

Katika kituo cha upande wa Republican, jioni baada ya jioni, mafupa hayo yalifunikwa na sentensi moja: kwamba Wademocrat wameifunga serikali ili wawape wahamiaji wasio na vibali matibabu ya bure. Sentensi hii inastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu si uongo wa kutungwa hewani, na hapo ndipo penye ufundi wake. Sheria ya Marekani haiwaruhusu wahamiaji wasio na vibali kupata ruzuku hizo, wala kuandikishwa katika Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Ila sheria kubwa ya kodi na matumizi aliyoitia saini Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 ilikuwa imewaondolea haki hiyo baadhi ya wahamiaji waliomo nchini kihalali, wakiwamo wakimbizi, na ilikuwa imegusa pia kiwango cha fedha ambazo serikali kuu hulipa pale hospitali zinapomtibu kwa dharura mtu asiye na hadhi ya kisheria. Pendekezo la Wademocrat lingefuta vifungu hivyo pamoja na vingine vya afya. Hivyo kulikuwa na ubishi wa kweli hapo, juu ya nani aliye halali anastahili nini na juu ya nani anapaswa kuzilipa hospitali. Mtazamaji angeweza kuelezwa ubishi huo na bado akabaki Republican. Huenda angebaki hivyo kwa nguvu zaidi, maana angekuwa na hoja ya kusimamia. Badala yake alipewa kijembe, na kijembe hakimsaidii mtu kubishana na jirani anayeijua sheria.

Kituo cha pili kilikuwa na sentensi yake, fupi zaidi na nzuri zaidi masikioni: kwamba chama cha Republican kinashika Ikulu, Seneti na Baraza la Wawakilishi, kwa hiyo serikali iliyofungwa ni yao. Katika jioni nilizokaa nacho mwezi wa Oktoba, hitaji la kura 60 lilitajwa kwa kupitiwa tu, kana kwamba ni jambo la makarani. Lililonyamaziwa zaidi ni asili ya tarehe ya mwisho ya ruzuku zenyewe. Ruzuku hizo zilizoongezwa zilianza na sheria ya mwaka 2021, wakati wa janga la korona, zikaongezewa muda na sheria ya mwaka 2022 hadi mwisho wa 2025, na sheria zote mbili zilipitishwa kwa kura za Wademocrat peke yao. Waliouandika ukomo huo ni wao. Kulikuwa na sababu, kwani kila mwaka wa ziada ungeongeza gharama katika hesabu za bajeti, na sababu hiyo inaelezeka vizuri kabisa kwa mtu mzima aliyekaa sebuleni mwake. Hakuelezwa. Wala hakukumbushwa kwamba mwezi Machi wa mwaka huo huo, kiongozi wa Wademocrat katika Seneti, Chuck Schumer, aliruhusu mswada wa matumizi wa Republican upite, akisema kufungwa kwa serikali kungekuwa kubaya zaidi. Kituo kilichokuwa na kumbukumbu ndefu namna ile kwa maneno ya wapinzani wake kilipatwa ghafla na usahaulifu kwa ya upande wake.

Nikijumlisha jioni zangu, sikukutana na uongo mwingi wa moja kwa moja katika kituo chochote kati ya viwili. Nilikutana na ukimya uliopangwa, na kwa sababu ukimya hauna sauti, mtazamaji hana namna ya kuushuku. Anayeambiwa jambo la uongo anaweza siku moja kulikuta la kweli na kukasirika, lakini asiyeambiwa kitu hana cha kukasirikia; anabaki akiamini kwamba jirani yake anabisha kwa ukaidi tu au kwa chuki.

Jambo hili limewahi kupimwa, na kwa njia ambayo mimi kama mtathmini wa huduma naipenda kwa sababu ilihusisha malipo. Mwezi Septemba 2020, wanasayansi wawili wa siasa, David Broockman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Joshua Kalla wa Yale, waliwalipa watazamaji wa kawaida wa Fox News, kituo cha upande wa Republican, dola 15 kwa saa ili watazame CNN badala yake, hadi saa saba kwa wiki, kwa mwezi mmoja. Waliotazama walibadilika, si kwa kuhama chama bali kwa kujua mambo ambayo hawakuwa wakiyajua, na baadhi yao wakaanza kuona kwamba kituo walichokizoea kisingewaambia jambo baya kuhusu Trump hata kama lingetokea. Watafiti hao waliliweka tatizo mahali pale pale nilipoliona mimi: katika uchaguzi wa kitu gani kionyeshwe na kipi kiachwe, na hawakusema kwamba ni tabia ya upande mmoja tu. Malipo yalipokoma, watazamaji walirudi walikotoka. Nadhani hiyo ndiyo taarifa ya kweli zaidi kuhusu soko hili: ilibidi mtu alipwe ili aonje bidhaa ya jirani, na alipoacha kulipwa aliacha kuonja.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, na historia fupi inasaidia kuelewa kwa nini bidhaa ina umbo lililo nalo. CNN ilipoanza tarehe 1 Juni 1980 iliuza habari za saa 24. Mwaka 1982 ilianzisha kipindi cha Crossfire, chenye viti viwili, kimoja cha mtu wa kulia na kingine cha mtu wa kushoto, wakikatizana maneno mbele ya mgeni. Kipindi kile kilidharauliwa na wengi. Tarehe 15 Oktoba 2004 mchekeshaji Jon Stewart alialikwa humo, akakataa kuchekesha, na akawaambia waongozaji Paul Begala na Tucker Carlson kwamba wanaiumiza Marekani. Mwezi Januari 2005 CNN ikatangaza kukifunga. Fox News nayo, ilipofunguliwa na Rupert Murdoch na Roger Ailes tarehe 7 Oktoba 1996, ilikuwa na kipindi cha watu wawili, Sean Hannity wa upande wa wahafidhina na Alan Colmes wa upande wa waliberali. Colmes aliondoka mwezi Januari 2009, na saa ile ikabaki na Hannity peke yake. Upande wa pili, MSNBC, iliyoanza mwaka huo huo wa 1996 na ambayo mwaka 2025 ilibadili jina na kuitwa MS NOW, ilijijenga upya juu ya kiti kimoja kimoja, kwanza cha Keith Olbermann, kisha, tangu Septemba 2008, cha Rachel Maddow.

Nakiri kwamba niliwahi kukubaliana na Stewart kwa moyo wote. Leo, baada ya kukaa na vipindi vya kiti kimoja kwa wiki sita, naona kwamba viti viwili, pamoja na ghasia zake zote, vilikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeiandika kwenye mkataba: mtu wa kiti cha pili alikuwepo kusema lile ambalo wa kwanza angelinyamazia. Alilisema vibaya, kwa kupayuka na kwa dhihaka, lakini lilisemwa. Wahenga walisema msema pweke hakosi, na sidhani walikuwa wakimsifu.

Hapa niondoe kosa moja linalorudiwa mno. Husemwa kwamba yote haya yalianza mwaka 1987, pale Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ilipoifuta kanuni ya mwaka 1949 iliyovitaka vituo vya utangazaji kujadili mambo yenye ubishi na kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana. Ni kweli kwamba kufutwa huko kulifungua mlango kwa redio, na kipindi cha Rush Limbaugh, mtangazaji wa kihafidhina, kilianza kusikika nchi nzima mwezi Agosti 1988. Lakini kanuni ile ilivihusu vituo vilivyopewa leseni ya kutumia mawimbi ya hewani, ambayo ni haba na ni mali ya umma. Ni kwa hoja hiyo Mahakama ya Juu ya Marekani iliitetea kanuni hiyo mwaka 1969. Vituo vya kebo havitumii mawimbi hayo. Anayedhani kwamba kuirudisha kanuni ya zamani kungekiweka kiti cha pili studioni kwenye Fox News au MS NOW anatarajia dawa isiyofika kwenye kidonda.

Kilichobaki kama ulinzi wa mtumiaji ni sheria ya kashfa, na mahakama zenyewe zimeeleza bidhaa hii ni nini kwa uwazi kuliko vituo vinavyoiuza. Mwezi Septemba 2020 jaji wa shirikisho mjini New York aliitupilia mbali kesi ya kashfa ya Karen McDougal, mwanamitindo wa zamani, dhidi ya Fox News kuhusu maneno ya Tucker Carlson, ambaye wakati huo alikuwa na kipindi katika kituo hicho, akikubali hoja ya kituo kwamba maneno hayo yalikuwa maoni yaliyotiwa chumvi, na kwamba mtazamaji mwenye busara hufika kwenye kipindi cha namna hiyo akiwa na shaka yake. Mwaka huo huo, huko California, kesi ya wamiliki wa kituo cha kihafidhina cha One America News dhidi ya Rachel Maddow ilitupwa kwa hoja ya ukoo ule ule, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikaafiki. Sina ugomvi na hukumu hizo. Uhuru wa maoni unahitaji nafasi ya kupumua. Ila zingatia kwamba pande mbili zinazochukiana kila usiku zilikwenda mahakamani na lebo moja mkononi: usichukue kila neno kama lilivyo. Lebo hiyo iliwekwa mbele ya jaji. Sijawahi kuiona kwenye kioo saa mbili usiku.

Nafasi hiyo ya kupumua ina mpaka, na mpaka ulionekana katika kesi ya kampuni ya mashine za kura ya Dominion. Ilifunguliwa mwezi Machi 2021, ikidai dola bilioni 1.6 kutokana na madai yaliyorushwa na Fox News kuhusu uchaguzi wa 2020. Jaji Eric Davis wa Delaware aliamua kabla ya kesi kusikilizwa kwamba madai hayo kuhusu Dominion hayakuwa ya kweli, na tarehe 18 Aprili 2023 Fox ilikubali kulipa dola milioni 787.5. Kwangu mimi kiasi hicho hakikushangaza kama ujumbe wa simu uliowekwa hadharani miezi miwili kabla, ambamo baadhi ya nyota wa kituo walikuwa wakiyadharau faraghani madai yaliyokuwa yakipewa nafasi hewani, huku wakihofia kwamba watazamaji wangewakimbia wakiambiwa vingine. Katika hati hizo mtazamaji si mpumbavu anayedanganywa na mtu mwenye nguvu. Ni mteja anayeogopwa. Ukimya ninaoulalamikia, kwa sehemu kubwa, ndiye aliyeuagiza.

Kuhusu bei, nitapita haraka. Mtu anayelipia furushi la kawaida la kebo nchini Marekani hulipa kila mwezi sehemu ya fedha kwa kila kituo kilichomo, akitazame asikitazame, maana kampuni za kebo huvilipa vituo kwa idadi ya wateja. Kwa hiyo familia ya Kidemocrat isiyoweza kuvumilia dakika moja ya Fox News imekuwa ikiichangia kwa miaka, na ya Kirepublican imekuwa ikiwalipa mishahara waongozaji inaowazomea. Anayetazama vipande mtandaoni halipi kitu, na anapata kibaya zaidi, kwa sababu kipande hukatwa penye kijembe na kuacha hata ile dakika moja ya maelezo iliyokitangulia.

Gharama nyingine haimo katika bili. Mwaka 2019 shirika la More in Common lilichapisha utafiti uliowauliza Wademocrat na Warepublican wanadhani upande wa pili unaamini nini, kisha likalinganisha na kile ambacho upande huo wenyewe ulisema unaamini. Kila upande ulidhani wenye misimamo mikali upande wa pili ni karibu maradufu ya walivyo. Na waliosema wanafuatilia habari muda mwingi walikuwa wamepotoka karibu mara tatu zaidi ya wale wanaozifuatilia kwa nadra. Nikirudi kwenye kigezo changu cha jirani, hii ina maana kwamba mteja mwaminifu zaidi wa huduma hii ndiye aliye na uwezekano mdogo zaidi wa kueleza hoja ya jirani yake. Ni vigumu kuitetea bidhaa ambayo matokeo yake yanaharibika kadiri inavyotumiwa zaidi.

Na bado sikuiacha, kwa sababu ya jioni chache ambazo sikuzitarajia. Mwishoni mwa Oktoba Rais Trump aliwataka maseneta wa chama chake waifute kanuni ya kura 60, na kiongozi wao, John Thune, hakukubali. Ghafla kituo cha Republican kilikuwa na ubishi ndani ya nyumba, na kwa mara ya kwanza nilisikia humo maelezo kamili, tulivu, ya kanuni hiyo: ilikotoka, kwa nini chama chenye wingi huichukia leo na kuitamani kesho kinapoupoteza wingi huo. Mwakilishi Marjorie Taylor Greene naye alikuwa amekilaumu chama chake hadharani kwa kutokuwa na mpango kuhusu malipo ya bima yatakayopanda, na ili kumjibu ilibidi kwanza ielezwe ruzuku ni nini. Kisha tarehe 9 Novemba maseneta wanane wa kundi la Wademocrat waliunga mkono kuifungua serikali, kwa ahadi ya kupigwa kura mwezi Desemba juu ya ruzuku, kura ambayo baadaye haikufikisha 60. Kituo cha Democratic kiliwaka moto. Waongozaji waligombana na wageni wao, mgeni akamkatiza mwongozaji, mtu akauliza tulipata nini kwa siku 40, mwingine akauliza wale watu wapatao milioni 42 wanaotegemea msaada wa serikali wa chakula wangesubiri hadi lini. Viti viwili vilikuwa vimerudi studioni bila mtu kuviagiza. Jioni ile peke yake ilinifundisha kuhusu hesabu za Seneti kuliko mwezi mzima uliotangulia.

Kwa anayetafuta mbadala, ninaoutumia ni C-SPAN, kituo kilichoanzishwa na kampuni za kebo zenyewe mwaka 1979 ili kurusha vikao vya Baraza la Wawakilishi. Kipindi chake cha asubuhi, Washington Journal, hupokea simu kwa laini tofauti: moja ya Warepublican, moja ya Wademocrat, moja ya wasio na chama. Mtangazaji hatoi maoni yake. Ni kipindi kinachochosha, nakiri. Kuna wapigaji wanaotangatanga, kuna ukimya wa kawaida wa mtu anayetafuta neno. Tarehe 9 Oktoba 2025 Spika Johnson alikuwa studioni akizipokea simu hizo. Kwenye laini ya Republican alipiga mke wa mwanajeshi, akamwambia kwamba amesikitishwa na chama chake mwenyewe, kwamba ana watoto wagonjwa wanaohitaji dawa, na kwamba mume wake akikosa mshahara mmoja tu wao wameangamia. Akamwomba aliitishe Baraza wapitishe malipo ya wanajeshi. Spika alimjibu kwa kuwalaumu Wademocrat katika Seneti, lakini alimsikiliza hadi mwisho, maana hapakuwa na tangazo la kumwokoa.

Katika jioni zilizofuata, kituo kimoja kati ya viwili vyangu kilikirudia kipande hicho mara tatu, bila kutaja swali la kura 60 ambalo Spika alilitumia kujitetea. Kingine hakikukigusa kabisa.

Nazipa huduma hizi nyota mbili kati ya tano: moja ya uandishi, moja ya zile jioni za ugomvi wa ndani. Anayetaka kuzijaribu kwa mara ya kwanza asianze siku ambayo chama kinachopendwa na kituo kimeshinda, wala siku ambayo kimeshindwa kwa pamoja. Asubiri siku ambayo chama hicho kimegawanyika mbele ya kamera, akae tangu saa mbili, na karatasi ya kuandikia iwe karibu.